Ako Nje, Yuko Nje

Mshauri wangu Bi. Millicent,

Niwie radhi kwa kimya changu cha muda mrefu. Uliponishauri mwaka juzi kuhusu ugomvi wangu na ndugu yangu Kiarie juu ya ua wa mpaka, nilikuahidi kwamba tukipatana nitakuarifu. Tulipatana, nami nikanyamaza, na hilo si jambo la kiungwana kwa mtu aliyefundisha adabu maisha yake yote. Leo nakuandikia kuomba msaada, na nakuandikia kwa hasira, tena usiniambie nitulie kwanza, kwa sababu nimejaribu kutulia tangu Jumamosi iliyopita na nimeshindwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, nikazitia ngeli vichwani mwa watoto wa sehemu hizi za Dagoretti, na mpaka leo nikipita barabarani wanaume wenye ndevu huweka simu mfukoni na kunisalimu kwa sentensi kamili. Sasa ni mwenyekiti wa bodi ya shule moja hapo Satellite, ambako mjukuu wangu Wanjiku yuko Gredi ya Nane. Wenzake humwita Shiku. Mimi humwita Wanjiku kwa sababu hilo ndilo jina alilopewa.

Wanjiku anaishi nasi hapa Waithaka, mimi na nyanyake Nyokabi, tangu mama yake, binti yetu Nyawira, alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Simu zake zilikuwa za kila wiki, zikawa za kila mwezi, na sasa huja pale tu mwajiri wake anapomruhusu kushika simu. Mwanzoni mtoto alikuwa akiniuliza mimi babu yake kila tukikaa mezani, "Guka, Mami ako wapi saa hii?" nami nikimrekebisha palepale, "Yuko wapi saa hizi," naye akirudia, "Yuko wapi saa hizi," ndipo nikimjibu, kwa maana nyumba ya mwalimu ikisema "ako", nyumba za wengine zitasemaje? Baada ya muda aliacha kuuliza, nikajua amezoea. Shuleni nako wakatuambia hanyoshi mkono, hasomi kwa sauti, na akiulizwa swali hutazama viatu vyake mpaka mwalimu achoke aulize mwingine. Tulimlipia masomo ya ziada jioni, akawa anavitazama viatu jioni pia.

Mwaka huu akaja mwalimu kijana, Bw. Were, akaanzisha chama cha maigizo. Mimi si mjinga, mshauri, na si mwongo, niliona mabadiliko. Mtoto ambaye ulikuwa unamvuta maneno kama mtu anayeng'oa kisiki alianza kujifanya mlinzi wa lango na kumsimamisha nyanyake mlango wa jikoni kwa ufagio, "Nani huko? Unatafuta nani? Simama hapo hapo!" na Nyokabi akicheka hadi kujishika mbavu, "Ni mimi, soja, nimeleta sukuma wiki, nifungulie." Insha zake zikarefuka zikawa na watu wanaozungumza. Kanisani alisoma somo la kwanza mbele ya watu wote, pole pole, akiwatazama machoni, na sikusikia kosa. Nilimwambia Bw. Were ahsante, na neno hilo silitoi ovyo.

Kisha nikauona mchezo wenyewe ulioandikwa.

Hadithi yake haina ubaya. Mlinzi wa lango katika nyumba moja kubwa huko Lavington ameamriwa na tajiri wake asimfungulie mtu yeyote wa ukoo wake yeye mlinzi. Mama ya huyo mlinzi anatoka mbali magharibi, anafika mvua ikinyesha, anasimama nje, na mlinzi ana ufunguo mfukoni. Basi. Ni lazima achague. Wanjiku ndiye mlinzi, ingawa ni msichana, na kijana mmoja aitwaye Nthiwa ndiye tajiri. Lakini lugha! Mlinzi anasema "hii geti". Anasema "kitu yangu". Anasema "ako". Nilichukua kalamu nyekundu, nikasahihisha kila ukurasa, na mahali pote palipoandikwa "soja" nikaandika "bawabu", neno zuri ambalo watu wamelisahau kwa uvivu tu.

Bw. Were alikuja nyumbani kwangu, akaandaliwa chai, akaanza kupinga.

"Mwalimu, kwa heshima, soja wa Lavington hasemi hivi."

"Anasemaje?"

"Anasema vile unasikia ukipita hapo."

"Vile ninavyosikia," nikamrekebisha.

Akacheka. "Sasa hata mimi, Mwalimu?"

"Hasa wewe, uliyeajiriwa kufundisha."

Akasema tajiri aseme Kiswahili changu na soja aseme chake, ndipo watu wasikie nani amefungiwa na nani amefunga. Akasema tena kwamba Wanjiku amejifunza ngeli zote kwa mchezo huo, kwa sababu hawezi kuvunja asichokijua. Eti kabla ya kusema "hii geti" humwambia mwalimu wake "geti hili", ndipo wanacheka na kuendelea. Nikamwambia huo ni ujanja wa maneno, kwamba nami sikuhitaji kuwatuma wanafunzi wangu waibe mahindi ili wajue wizi ni nini. Mimi ni mwenyekiti. Nikaagiza lugha yangu ifuatwe.

Jumamosi ikafika, siku ya mazoezi mbele ya wazazi. Niliketi mstari wa mbele. Walianza vyema, kila neno mahali pake, ingawa nilimsikia mtoto mmoja nyuma yangu akimwuliza mwenzake, "Bawabu ni nini, ni ugonjwa?" na mwenzake akamjibu, "Nyamaza, huyo soja amemeza redio." Watu wakacheka pasipo pa kucheka. Wanjiku alikuwa amekauka kama ubao. Kisha wakafika pale mama anapobisha langoni. Mstari niliomwandikia ni huu: "Mama yangu yuko nje ya lango, na ufunguo ninao mimi." Akafungua kinywa, akasita, akamgeukia Nthiwa, akasema:

"Mamangu ako nje. Ako hapo nje, na kifunguo iko na mimi."

Mshauri, mwili wangu ulisimama wenyewe. Nikapaza sauti: "Yuko! Yuko nje!"

Na unajua walivyofanya? Walidhani nimo mchezoni! Mwanamke mmoja nyuma yangu alimwambia jirani yake, "Haki huyo mzee anaigiza vizuri, ni baba ya tajiri?" Naye Wanjiku, mtoto niliyemlea, akanigeukia akiwa ameshika rungu lake, akanitazama usoni, akanijibu mbele ya halaiki nzima, "Ako, mzee. Ako nje tu."

Wakasimama. Wakapiga makofi. Wanawake walikuwa wakijifuta macho kwa leso, na mke wangu alikuwa miongoni mwao.

Niliondoka kabla ya mchezo kwisha. Nilimwambia mwalimu mkuu, Bi. Kanini, kwamba Wanjiku haendi kwenye mashindano mwezi ujao huko katikati ya jiji, na kwamba nitaitisha bodi tukivunje hicho chama, saa hizo zitumiwe kwa marudio ya masomo. Amenisihi nimpe jibu la mwisho kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu bila mlinzi hakuna mchezo, na bila mchezo chama kimekufa hata bodi isipokaa. Nyumbani Nyokabi anapika, anatenga, haniongeleshi. Aliniambia neno moja tu usiku ule: "Baba Nyawira, wewe hukusikia." Nikamwambia nilisikia vizuri sana, ndiyo maana nikasimama! Wanjiku naye amerudia viatu vyake. Nikimwuliza jambo hunijibu, "Ndiyo, Guka," "La, Guka," "Nimekwisha kula, Guka." Sentensi zake ni sahihi. Hakuna kosa hata moja.

Niambie basi, mzee aliyejibizwa jukwaani kama mtu wa kupita njia ana haki ya kukasirika, au siku hizi haki hiyo nayo imefutwa? Chapisha jina langu. Sina ninachoficha.

Hezekiah Wainaina,
Mwalimu Mstaafu, Waithaka.


JIBU LA MSHAURI

Mwalimu Hezekiah,

Haki ya kukasirika unayo, wala hakuna aliyekunyang'anya. Pole kwa aibu uliyoihisi mbele ya watu. Sasa keti, maana hutapenda yafuatayo.

Wewe mwenye sikio linalonasa kila kiambishi, nikuulize. Soja alisema mama yake ako wapi? Nje. Na majirani wa Waithaka wakikuuliza Nyawira yuko wapi siku hizi, huwajibu nini? Nakuhakikishia husemi Uarabuni. Unasema kama tunavyosema sote hapa Nairobi tulio na dada na mabinti huko mbali: "Yuko nje." Mjukuu wako alisimama mbele ya watu wanaomjua, akasema mamangu ako nje. Ukumbi wote ulisikia. Wanawake wale hawakulilia soja wa Lavington, Mwalimu. Nyokabi alikwambia hukusikia, nawe ukamjibu kwamba ulisikia vizuri. Ulisikia silabi moja. Neno lililofuata lilikupita, na ndilo lililokuwa na binti yako ndani yake.

Tena umeniandikia bila kushtuka kwamba mtoto aliacha kuulizia mama yake, ukajua "amezoea". Amezoea nini? Kila alipotaka kujua mama yake yu hali gani, alitozwa ushuru wa sarufi kwanza. Akachoka kulipa. Masaa yote ya masomo ya ziada hayakumrudishia sauti, kwa sababu hakuwa amepungukiwa na masomo. Alikuwa na jambo moja la kusema, na nyumbani kwako halikuwa na mahali pa kusemewa isipokuwa limepigwa pasi.

Mahali hapo alipapata kwa Bw. Were. Nasikia wazazi wengi, hata walimu, wakiyaita maigizo mchezo wa kupoteza muda, na hunikera kwelikweli. Darasani mtoto huulizwa swali lenye jibu moja, na mwoga huona afadhali anyamaze kuliko akosee. Jukwaani hupewa maneno ya mtu mwingine, asiyefanana naye, mwenye rungu na koti la mvua, naye akishakuwa ndani ya koti hilo huweza kusema la kwake bila mtu kumnyoshea kidole. Hujifunza kukariri kurasa nzima. Hujifunza kungoja zamu yake na kumsikiliza mwenzake mpaka neno la mwisho, jambo ambalo wewe na mimi hatujalimudu. Huyo Nthiwa anajifunza kuchukiwa na ukumbi mzima, kisha amshike mkono soja wake waende pamoja kunywa maji. Wewe mwenyewe umeniandikia faida hizi zote, insha, kanisani, vicheko jikoni, halafu ukageuka ukachukua shoka.

Kuhusu hilo neno "mzee" lililokuuma, umelielewa vibaya. Wanjiku hakukujibiza. Wewe ndiye uliyeruka ndani ya mchezo wa watu bila kualikwa. Angeduwaa, angelia, angekimbilia nyuma ya pazia, mchezo ungevunjika, na watu wangekuona ulivyokuwa: babu anayemfokea mjukuu wake hadharani. Mtoto wa Gredi ya Nane alifikiri upesi kuliko mwenyekiti wa bodi. Akakufanya mhusika. Akakupa jina na nafasi, akalinda heshima yako, kisha akaendelea na kazi. Na wewe umemlipa kwa kumfungia.

Usiniambie kwamba nadharau sarufi. Mimi pia nilichapwa viganja kwa ajili ya ngeli, na ninakula kwa lugha hii. Lakini Bw. Were yuko sahihi, na mfano wako wa mahindi hauna miguu. Kiswahili chako kisafi kinahitajika katika mchezo huo, ila umekipeleka kwa mtu asiye wake. Mpe tajiri. Mtu anayefunga lango kwa sentensi iliyonyooka, kila upatanisho mahali pake, anatisha kuliko anayetukana. Andika mistari hiyo wewe, hakuna mwingine shuleni pale atakayeiandika vizuri kama wewe. Mistari ya soja iache kama ilivyokuwa, na "bawabu" wako mhifadhi kwa ajili ya mchezo mwingine.

Na haya ndiyo utakayofanya. Kabla hujazungumza na Bi. Kanini, wala bodi, wala mtu mwingine yeyote, mwite Wanjiku mketi pamoja, umwulize mama yake yuko wapi. Kisha nyamaza. Atakavyosema na aseme hivyo, hata kama meno yako yatauma. Ukishamsikiliza hadi mwisho, nenda shuleni ukaseme kwamba mchezo utakwenda mjini, na hicho kikao cha bodi cha kuvunja chama kisiitishwe. Mtafute Nyawira kwa kila njia, na usingoje mwajiri wake apendezwe. Uliza kwa jamaa za wengine walio huko na kwa ofisi iliyompeleka, ujue hali yake hasa ni ipi. Hiyo ndiyo hasira itakayokufaa. Hii ya viambishi iweke chini.

Siku ya mashindano ukae mistari ya nyuma, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Nyokabi, na mdomo ufungwe.

Millicent Ajwang


Wiki mbili baada ya jibu hili kuchapishwa, tulipokea ujumbe ufuatao.

Bi. Millicent,

Nililisoma jibu lako kwa sauti mbele ya Nyokabi, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa maana alicheka. Katika aya yako ya tatu umeandika "masaa". Wingi wa saa ni saa.

Bado nina hasira, na sehemu yake sasa ni yako. Jumapili baada ya ibada nilimwuliza Wanjiku mama yake yuko wapi. Alitazama viatu vyake kwanza. Kisha akazungumza mpaka chai ikaganda utando, akasema "ako" mara nyingi kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa kustahimili, nami nilishika kikombe kwa mikono yote miwili, nikanyamaza. Mwishoni akaniuliza kama Mami atarudi. Nikamjibu kwamba sijui. Katika maisha yangu ya ualimu sikupata kumpa mtoto jibu hilo. Akasogeza kiti chake karibu na changu, akala mkate wangu.

Jana nilikwenda mjini kwenye ofisi iliyomsafirisha Nyawira. Waliniambia nirudi kesho. Nimewaambia nitarudi kesho, na kesho kutwa, na kwamba mimi huamka mapema.

Kuhusu mashindano, mwezi haujaisha. Bw. Were ameniletea mistari ya tajiri, iko hapa mezani, na nimekwisha kuchonga penseli. Ukweli ni kwamba huyo tajiri amelegea mno. Nitakapokuwa nimeamua nitakuandikia, na safari hii sitakuweka ukingoja.

H. Wainaina